Uliza Vidole Kabla Hujafunga Mkono

Ndugu wanafunzi, kunjeni viwiko. Papasa upande wa ndani, nyuma ya kile kinundu cha mfupa. Umeusikia uzi unaoteleza? Hiyo ndiyo neva alna. Ukijigonga pale kwenye kona ya meza, ganzi inakimbia hadi kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Watu husema wamegonga mfupa, kumbe ni neva.

Neva za mkono chanzo chake ni shingoni. Mizizi 5, C5 hadi C8 (C ni uti wa mgongo wa shingoni) pamoja na T1 (T ni wa kifuani), inapenya kati ya misuli ya shingo, inasukana kama ukili, inapita chini ya mtulinga na kuingia kwapani. Hapo zinagawanyika neva kubwa 5. Leo nashika 3, na hasa neva radiali.

Hii inauzunguka mfupa wa juu ya kiwiko kwa nyuma, imeulalia kabisa. Mfupa ukivunjika katikati, neva inaweza kuvutwa, kubanwa au hata kukatika, na kiganja kikaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Nilimpokea fundi uashi aliyeanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi. Alifika kwangu tayari amefungwa POP, ile plasta ngumu, kiganja kimelegea, na cheti hakikusema lolote kuhusu vidole. Je, neva iliumia alipoanguka, au alipokuwa akifungwa? Hatukujua. Jambo lile liliniuma sana.

Kwa hiyo, kabla hujagusa bandeji, mwambie mgonjwa ainue dole gumba: hiyo ni radiali. Aunganishe ncha ya dole gumba na ya kidole cha shahada, afanye duara: mediani, ile inayopita mbele ya kifundo cha mkono. Kisha atanue vidole vyote: alna. Mtoto wa miaka 5 anaweza. Andika ulichoona, andika na saa. Ukishafunga, rudia yote matatu.

Maana nyuzi za ndani ya neva zikikatika, huota upya kwa wastani wa milimita 1 kwa siku. Sentimita 20 ni siku 200, na siku hizo zote mgonjwa lazima anyooshwe vidole visikakamae. Yule fundi tulimsubiri. Mwezi wa nne tangu aumie aliniita kitandani kwake, akaniambia, "Daktari, tazama." Kiganja kikapanda, kiasi cha unene wa kidole kimoja.