Maji Yaliyo Nyuma ya Ukuta

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninyi mliojenga Igogo, Mabatini na kwenye vilima vingine vya hapa Mwanza mnajua kwamba mawe tunayo. Anayechonga kiwanja kwenye mteremko husimamisha ukuta wa mawe, na masika ukipata ufa humwambia fundi: ongeza unene. Leo naomba tuuache unene, tuzungumzie maji.

Mvua ikinyesha mlimani, sehemu yake huzama ardhini. Penye udongo haba juu ya mwamba wa graniti, maji hayana pa kuzamia zaidi. Huteremka juu ya mwamba, huyaoni, mpaka yakutane na ukuta wako. Yasipopata upenyo yanajaa. Tupige hesabu. Ukuta wa kimo cha mita 1.5 ukijaa maji nyuma yake, kila mita ya urefu wake inasukumwa kwa tani moja na kidogo. Wa mita 3 je? Msiseme tani mbili. Ni tani 4.5, na hayo ni maji peke yake, udongo bado! Kimo kikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Unene gani utashindana na hilo kila mwaka?

Nyuma ya ukuta jaza kokoto, upana wa kama sentimita 30, si kifusi cha mfinyanzi. Chini kabisa laza bomba lenye matundu, literemke sentimita 1 kwa kila mita. Matundu yatazame chini. Hapa nabishana sana na mafundi: wao huyageuzia juu, wakati maji hujaa kuanzia chini, kwa hiyo huingia bombani mapema zaidi matundu yakitazama chini. Kokoto zizungushiwe kitambaa cha kuchuja, la sivyo udongo laini utaziziba. Na matundu ya ukutani, yale ya kutolea maji, msiyazibe kwa sementi eti yanachafua rangi.

Maji ya gata yasimwagwe nyuma ya ukuta. Shimo la maji taka likiwa juu yake, udongo utalowa hata kiangazi.

Kabla hujachimba, jua bomba litatokea wapi. Ukilielekeza kwa jirani wa chini, umemhamishia mzigo ukutani kwake. Lifikishe kwenye mtaro wa barabara. Kama haupo, kaeni pamoja mchimbe mfereji mmoja mpakani. Naona mikono. Tuanze na mama aliyekaa pale mbele.