Ukuukuu wa Kamba: Kuipa Kompyuta Kongwe Nguvu ya Kucheza Gemu

Assalaam aleikum. Wazazi wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojaa hadi ngazini, karibuni. Walio nyuma wasioiona meza wasogee, maana leo nitaonyesha zaidi ya kusema.

Hii iliyo mbele yenu ni Dell OptiPlex 7010, kompyuta ya mezani ya mwaka 2012 hivi. Imefanya kazi ofisini ng'ambo, ikaletwa Mombasa na mtumba, ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, na kutoka gatini ikapakiwa juu ya punda hadi kwangu Langoni, hapa Lamu. Mwenyewe ni kijana wa kidato cha nne. Alikuwa tayari kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma, kwa sababu kila akicheza eFootball mpira ulikuwa ukikwama hewani. Nilimwomba aniachie wiki mbili.

Wazee wetu walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Hapa Lamu msemo huo hauhitaji kufafanuliwa. Kila aliyewahi kufunga mashua anajua kwamba kamba iliyosokotwa vyema, hata ikichakaa, huwezi kuilinganisha na ukambaa wa jana. Kompyuta kama hii ni kamba kuukuu. Ndani yake mna prosesa, chipu inayofanya hesabu zote, ya Core i5-3470, yenye viini 4, mwendo wa GHz 3.2. Mchezo wa GTA V ulipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake walipotaja mashine wanayoipendekeza, walitaja prosesa hii hii, pamoja na RAM, kumbukumbu ya kazi, ya GB 8. Naumia ninapomwona mzazi akitoa akiba yake yote kununua laptop mpya nyembamba, yenye prosesa dhaifu na isiyokubali kuongezwa kitu, huku kompyuta ya namna hii imewekwa uvunguni ikila vumbi.

Lakini kuipenda hakutoshi. Neno langu la leo ni moja: fungua kabla ya kununua. Kijana huanza na hamu. Ameona video, amesikia jina la kadi kubwa ya michoro, ile inayochora picha za mchezo, ameagiza, na kadi ikifika haiingii, au inaingia na mashine inazimika. Kompyuta yenyewe ndiyo inayokwambia inaweza kubeba nini. Tazameni mashua zetu za mashindano: nahodha hashoni tanga kwanza kisha akatafuta chombo cha kulibeba.

Nimeondoa ubao wa pembeni. Angalieni kibandiko kwenye pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme: wati 275. Hizo ni za mashine nzima. Prosesa peke yake imepimwa kwa wati 77, kisha kuna diski, feni na mazabodi, ule ubao mkuu. Mwenzake wa kesi nyembamba ana wati 240 tu. Sasa tazameni sloti hii ya buluu, tundu refu la kuchomekea kadi. Hii inaweza kuipa kadi ya michoro hadi wati 75 bila waya wowote wa ziada, na pawa saplai hii haina waya huo wa ziada. Kwa hivyo kadi zetu ni zile zinazotosheka na wati 75. Chini yake kuna sloti nyeusi yenye urefu ule ule. Isiwadanganye, ina njia 4 tu za kupitisha data, na ya buluu ina 16.

Mtasema basi tubadilishe pawa saplai. Kwenye 7010 hii ya kesi kubwa inawezekana, kwa sababu plagi ya mazabodi ni ile ya kawaida ya pini 24. Ukienda kwa ndugu zake waliofuata, OptiPlex 7020 na 9020, utakuta plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, na utahitaji adapta. Ndiyo maana nasema fungua. Jina nje ya kesi halitoshi.

Katika wati 75, kadi mbili ndizo ninazozipendekeza. Ya kwanza ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, na ya pili ni GTX 1650 ya mwaka 2019. Zote zina GB 4 za kumbukumbu. Ya pili ina nguvu zaidi, na kuna jambo jingine: Oktoba 2025 Nvidia, kampuni ya kadi hizi, walifikisha mwisho draiva, yaani programu za kuiendesha kadi, za michezo mipya kwa ukoo wa 1050 Ti, ukabakiwa na masahihisho ya usalama tu. Michezo uliyonayo itaendelea kuchezeka, lakini ukiweza kuongeza fedha, chukua 1650. Muulize muuzaji kama kadi yake ina tundu la pini sita la ule waya wa ziada, kwa kuwa baadhi ya 1650 zinalo, na hizo hazitufai hapa. Mwenye kesi nyembamba atafute kadi fupi, ya nusu kimo. Wengine wataiona RX 6400 ya kampuni ya AMD ya mwaka 2022 wavutiwe na wati zake 53. Kadi ile ina njia 4 tu na iliundwa kwa sloti za kizazi cha nne. Kwenye mashine za umri huu inabanwa, na picha hukwama pale hasa unapohitaji isikwame.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ni pahali nilipolia. Kadi yangu ya kwanza niliiagiza kwa mtu niliyemjua kwa simu tu. Boksi liliandikwa 1050 Ti. Nilipoichomeka, Windows nayo ikaandika 1050 Ti. Mchezo ukafunguka, baada ya dakika tano skrini ikawa nyeusi. Ilikuwa kadi ya zamani sana ambayo bayosi yake, programu ndogo iliyo ndani ya kadi, imeandikwa upya ili idanganye jina. Fedha zile zilikuwa za miezi mitatu ya kazi yangu, na hazikurudi. Tangu siku hiyo sinunui kadi ambayo sijaiona ikifanya kazi. Kuna programu ya bure iitwayo GPU-Z. Inasoma chipu yenyewe, na kadi ya uongo mara nyingi huiandika kuwa ya uongo. Dalili nyingine unaiona kwa macho: tazama nyuma ya kadi. Ukikuta tundu la VGA, lile la buluu lenye matundu 15, hiyo si 1050 Ti ya kweli, kwa sababu ukoo ule hautoi tena picha ya analogi.

Hilo lina mkia wake. Skrini nyingi tulizonazo hapa ni za VGA, kwa hivyo utahitaji adapta ya kugeuza HDMI iwe VGA, ile yenye chipu ndani yake. Na waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, usiuchomeke pale ulipokuwa zamani kwenye mazabodi. Wameniletea mashine zaidi ya moja wakisema kadi mbovu, kumbe waya ulikuwa pahali pake pa zamani.

RAM nitaipitia haraka. Ilikuwa na kijiti kimoja cha GB 4. Tumeweka viwili vya GB 8, vya DDR3, aina inayoingia humu, kwa jozi, kwa sababu vijiti viwili humpa prosesa njia mbili za kuchota data. Diski ya kuzunguka tumeiacha kwa picha na filamu, na Windows tumeihamishia kwenye SSD, diski isiyozunguka. Diski ile husoma MB 100 na kitu kwa sekunde, SSD ya SATA hufika 500. SSD haiongezi fremu, zile picha zinazofuatana, hata moja katikati ya mchezo, ila inaondoa kule kungoja kunakochosha roho.

Kijana alikuwa na shilingi 20,000. Kwa bei za siku ile, kadi ya 1050 Ti iliyotumika ilikuwa 11,000, RAM 3,600, SSD ya GB 256 ilikuwa 3,200, adapta 700, pesti ya kupitisha joto la prosesa 300, na zilizobaki zikaenda kwa usafiri kutoka Mombasa. Fedha zake hazikufika kadi ya 1650, nami sikumsukuma akakope. Prosesa hatukuibadilisha. Siku akipata, i7-3770 inaingia pale pale, viini 4 vyenye nyuzi 8, na wati ni zile zile 77.

Sasa adui wetu wa hapa, ambaye video za Marekani hazimtaji: chumvi. Tunaishi kando ya maji, madirisha wazi, na upepo wa kusi unaingiza unyevu wa bahari hadi ndani ya kesi. Nilipoifungua hii, pini za RAM zilikuwa na utando wa kijani, na mapezi ya chuma cha kupoza prosesa yameziba kwa vumbi lililoshikana na chumvi kama saruji. Pesti ya joto ilikuwa imekauka ikawa unga. Mashine ya namna hiyo hupata moto, na prosesa ikipata moto hujipunguzia mwendo ili isiungue. Huo mpira kukwama hewani, sehemu yake ilikuwa joto tu. Tulipiga brashi laini, tukasugua pini za RAM kwa kifutio cha penseli, tukafuta kwa spiriti safi ya isopropili, tukaacha ikauke, tukatia pesti mpya. Kabla ya kununua kadi wala RAM, mashine ilikuwa tayari imebadilika. Fanyeni hivyo kila baada ya miezi sita, na msiweke kompyuta dirishani kwa upande wa bahari.

Tuchukue maswali. Ndiyo, mama.

"Mwanangu, na stima je? Tokeni zangu zitaisha kabla ya wiki."

Swali la maana, mama. Mashine kama hii pamoja na skrini, ikiwa kwenye mchezo, tuseme inavuta wati 150. Akicheza muda wa saa 4, hiyo ni uniti 0.6. Kupiga pasi huenda kukala zaidi. Ila stima ikipotea, mwambie aichomoe, na ikirudi asubiri dakika chache umeme utulie. UPS ndogo, betri ya kushikilia stima, ikipatikana, ni fedha iliyotumika vizuri kuliko feni za kuwaka rangi.

"Maalim, Windows 10 imefungwa. Tufanyeje?"

Kweli, msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Hii ni ya tatu. Mimi kwenye mashine yangu nimeweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, na michezo mingi ya Steam, lile duka la michezo mtandaoni, inacheza humo kupitia Proton, programu inayoiwezesha michezo ya Windows kwenda kwenye Linux. Lakini nikwambie ukweli, mwanangu: Valorant na Fortnite hazikubali Linux. Kama mchezo wako ni mmoja wa hiyo, jua hilo kabla hujatoa shilingi.

"Na skrini yangu ni ndogo, ni lazima ninunue kubwa?"

Usinunue. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600 ambazo kadi inazichora upya kila fremu. Skrini ya 1366 kwa 768 ina nukta 1,049,088, karibu nusu. Hiyo skrini yako inaipumzisha kadi.

Haya, nani ana mikono mikavu? Njoo wewe, Bi mdogo. Chomoa waya wa stima kwanza. Sasa bonyeza kitufe cha kuwashia, kishikilie sekunde chache, umeme uliobaki utoke. Shika chuma cha kesi kwa mkono wa kushoto. Klipu hiyo ya buluu, isukume taratibu, kisha uitoe kadi kwa kingo zake, usiguse dhahabu.