Bibi Aliuliza Tutarudi Lini

Asanteni, wakuu wa shule. Walionisikia mwaka jana wanajua ninapoanzia: kwenye basi. Shule ya bweni inakodi basi, wanafunzi wanabeba sabuni, sukari na unga hadi kituo cha wazee, vitu vinapangwa mbele, picha zinapigwa, na saa saba wote wamerudi kuwahi chakula. Kwenye ripoti inaandikwa "huduma kwa jamii". Ndugu zangu, hayo ni matembezi.

Nimekuwa matroni wa shule ya wasichana kwa miaka 14. Nyuma ya uzio wetu, hatua kama mia mbili, alikaa bibi mmoja peke yake, macho yana mtoto wa jicho. Mwaka wangu wa pili tulimpelekea zawadi. Akapokea, akaupapasa mche wa sabuni, akaunusa, akashukuru. Kisha akauliza, "Wajukuu zangu, mtarudi lini?" Nikakosa jibu, na ratiba ya muhula mzima nilikuwa nayo mkononi, kila Jumamosi kuanzia saa nane haina kitu.

Tukaanza na wasichana wanne, Jumamosi saa nane hadi saa kumi. Walikuta bibi ana dumu la lita 20 asiloweza kulinyanyua, wakayagawa maji kwenye vidumu vya lita tano ili ajimiminie siku ambazo hawapo. Hakuna mwalimu aliyewaelekeza. Wiki ya tatu bibi akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo inachanika, akamwomba mmoja wao amsomee. Ilikuwa rufaa ya kwenda kuonwa macho hospitali ya wilaya. Tarehe ilikuwa imepita miezi mitano. Miezi mitano karatasi imefungwa kwenye kanga, na sisi tuna wasichana zaidi ya mia tano wanaojua kusoma, ng'ambo ya uzio! Kila nikifika hapa sauti inanipanda, mniwie radhi. Tungeendelea kumpelekea sabuni kila Krismasi, karatasi ile ingeozea pale pale.

Najua mtaniuliza usalama, hasa wa mabinti. Mna haki kuuliza. Wanakwenda wanne wanne na mlezi, haachwi mtoto peke yake na mtu yeyote, majina na saa vinaandikwa getini, mzazi amesaini, mtendaji wa kijiji ana taarifa. Mitihani je? Ni saa mbili kwa wiki. Disko la mwisho wa mwezi linakula muda mrefu kuliko huo, na sijasikia mkuu wa shule akililaumu kwa kushusha ufaulu.

Wengine mtasema wanafunzi wenu tayari wanakwenda kufyeka zahanati. Nani anakwenda? Aliyechelewa namba ya asubuhi, aliyekutwa na simu: wanaoadhibiwa. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka kazi iwe sehemu ya masomo, tena wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao. Kuamua tumewanyima, jembe tumewaachia kama adhabu. Halafu tunashangaa kijana wa kidato cha sita akiambiwa ajitolee anauliza amekosa nini. Wenzetu wa Kenya wameifanya huduma kwa jamii kuwa somo la lazima katika sekondari ya juu. Sawa, lakini somo nalo laweza kuishia kwenye daftari kama hakuna anayerudi kwa bibi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia kisomo cha watu wazima, na wanafunzi wa kidato cha tano na sita waliotimiza miaka 18 ambao wanaweza kuchangia damu kwa hiari, tutayazungumza nje. Hapa mezani kuna daftari. Wakuu wa shule, kabla hamjaenda kwenye chai, andikeni jina la shule, Jumamosi mtakayoitoa, na nani anakaa nyuma ya uzio wenu. Usipomjua, iache nafasi hiyo wazi, ukaulize kesho.