Kuchagua Vifaa vya Mazoezi ya Swingi: Kwanza Lijue Kosa

Ndugu wachezaji wa gofu, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuhudhuria. Nimeombwa nizungumzie vifaa vya mazoezi vinavyouzwa kwa ahadi ya kunyoosha swingi, yaani mwendo mzima wa kuizungusha fimbo ili kupiga mpira, na ningependa mjue msimamo wangu tangu mwanzo ili mnipime nao. Kifaa hakichaguliwi kwa umaarufu wala kwa bei, bali kwa kosa mahususi ambalo mchezaji amekwisha kulithibitisha. Na kifaa bora ni kile kinachomweleza alichofanya, si kile kinachomfanyia kazi.

Tuanze na kosa lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya milisekunde. Katika muda huo mpira hauna habari na kiwiko chako, nyonga zako wala kichwa chako kilichoinuka mapema. Unachopokea ni mwelekeo wa uso wa fimbo, njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita, kasi yake, pembe yake ya kushuka au kupanda, na mahali hasa pa uso ulipogusa. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha uso huupindisha. Vipimo vya mitambo ya rada, kama ule wa TrackMan uliobuniwa Denmark, vimeonyesha vingine: mpira huanza kwa kufuata uso zaidi kuliko njia, na upindaji hutokana na tofauti iliyopo kati ya uso na njia.

Jambo hili linabadilisha ununuzi wetu wote. Wachukueni wachezaji wawili wanaotumia mkono wa kulia, na wote wanalalamika kwamba mpira wa draiva, fimbo ndefu ya kupiga mbali, unapinda kulia. Wa kwanza mpira wake huanza kushoto ya lengo, kisha hurudi kulia: uso wake ulitazama kushoto, lakini njia ya fimbo ilikwenda kushoto zaidi. Wa pili mpira wake huanza kulia na kuendelea kupotea kulia: uso umebaki wazi, yaani ukitazama kulia. Huyu wa kwanza anahitaji kizuizi kitakachomzuia kuleta fimbo kutoka nje, ng'ambo ya mpira, kuja ndani, upande wa miguu yake, na boksi tupu la mipira likiwekwa upande wa nje, nyuma kidogo ya mpira, linatosha kabisa. Fimbo ikitoka nje italigonga. Wa pili anahitaji kuangalia mshiko wake, na kwake mpini wa mazoezi wenye mabonde ya kuwekea vidole unaweza kuwa na faida. Mkiwauzia wote wawili kifaa kimoja, mmoja wao atazidisha ugonjwa wake.

Yupo na wa tatu, na huyu ndiye hudanganyika kuliko wote. Njia yake ni nzuri, uso wake ni mzuri, ila anapiga kwa kisigino cha draiva, upande wa uso ulio karibu na mpini. Mpira unapogusa upande wa kisigino, kichwa cha fimbo hujizungusha na kuupa mpira mzunguko wa kuupeleka kulia. Ukigusa upande wa ncha, ulio mbali na mpini, huupeleka kushoto. Mchezaji huyu anaweza kununua kila kifaa cha kurekebisha njia kilichopo sokoni bila kupona. Dawa yake ya kuanzia ni poda. Pakaza poda nyembamba kwenye uso wa fimbo, piga, kisha soma alama. Rudia kwa mipira kadhaa, kwa sababu alama moja haisemi kitu, na alama zilizokusanyika mahali pamoja zinasema kila kitu. Sijaona kifaa cha bei yoyote kinachompa mchezaji wa klabu habari yenye manufaa zaidi ya hiyo.

Sasa nije kwenye vifaa vinavyokuongoza kwa nguvu: mikanda inayofunga mikono pamoja, reli zinazoilazimisha fimbo ipite njia moja, na vinginevyo vya namna hiyo. Mchezaji akiwa ndani yake hupiga vizuri, akitoka hurejea alikokuwa. Hili lina maelezo ya kisayansi. Mwaka 1984 watafiti Salmoni, Schmidt na Walter walipitia tafiti nyingi za ujifunzaji wa miondoko na kueleza kwamba mwongozo unaotolewa mfululizo huinua kiwango wakati wa mazoezi, lakini mwanafunzi huutegemea, na unapoondolewa kiwango hushuka. Ninachowashauri ni kuvitumia kwa vipindi: mpira mmoja au miwili pamoja na kifaa, kisha mingine bila kifaa, na hukumu itolewe kwa ile isiyo na kifaa. Fimbo mbili za kupanga mwelekeo zilizolazwa chini, kinyume chake, ni kama timazi ya mwashi. Timazi humwambia ukuta umepinda, lakini haishiki mwiko.

Mwaka 1999 Wulf, Lauterbach na Toole waliwafundisha watu wasiowahi kucheza gofu mapigo mafupi ya kuinua mpira. Walioambiwa waelekeze fikra kwenye mwendo wa kichwa cha fimbo walijifunza vizuri zaidi kuliko walioambiwa wafikirie mikono yao. Kwa hiyo, mkiwa na vifaa viwili vya kazi moja, kimoja kikikutaka uusikilize mwili wako na kingine kikikupa kitu cha kupitisha fimbo juu yake, kando yake au katikati yake, chukueni cha pili. Tii mbili, vile vijiti vya kuwekea mpira, zilizochomekwa ardhini, zikiacha nafasi pana kidogo kuliko kichwa cha pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ni kifaa cha daraja la juu kwa mtu anayetaka kupiga mpira kwa katikati ya pata yake.

Kuhusu fimbo nyepesi na nzito za kuongezea kasi, nasema machache: zina nafasi yake kwa anayegusa mpira katikati ya uso na mwenye mgongo mzima. Asiye na hayo mawili asizinunue.

Simu yenye kamera ya mwendo wa polepole nayo ni kifaa, na wengi tayari tunayo mfukoni. Kosa ni kuiweka popote. Unapopiga picha kutoka nyuma, iweke kwenye usawa wa mikono, ikitazama sambamba na mstari wa lengo. Ikisogea upande kidogo tu, swingi nzuri huonekana mbaya, na mtu huanza kutibu kosa ambalo hana.

Mitambo ya kupima mapigo imeshuka bei, na hilo ni jambo jema, lakini ulizeni kila mara namba ipi imepimwa na ipi imekadiriwa kwa hesabu, maana baadhi ya mitambo nafuu hukadiria mzunguko wa mpira. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Hewa ya Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na mpira hufika mbali zaidi kwa kasi ileile ya fimbo. Mchezaji anayefanya mazoezi Nairobi akidhani kwamba kifaa kimemwongezea umbali, aangalie kwanza mtambo wake umewekewa mwinuko gani. La sivyo atakwenda uwanja wa Nyali, Mombasa, na kuchagua fimbo fupi mno.

Kabla ya kuagiza kifaa kutoka ng'ambo na kulipia ushuru, ombeni kujaribu cha mwenzenu, na muwaombe makedi, wabeba mifuko ya fimbo, wawatazame. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia kwenye ukedi, na jicho la kedi aliyekubebea mfuko kwa misimu kadhaa linaijua swingi yako kuliko maelezo ya muuzaji.

Jambo la mwisho linahusu mashindano. Kanuni ya 4.3 ya Sheria za Gofu inakataza kutumia kifaa cha mazoezi, hata fimbo ya kupangia mwelekeo, kwa namna inayoweza kukupa faida wakati wa raundi. Kuwa nacho kwenye mfuko wa fimbo si kosa. Ukikitumia katika mchezo wa kuhesabu mapigo, adhabu ya mara ya kwanza ni mapigo mawili, na ukirudia baadaye utaondolewa mashindanoni. Poda nayo ipanguseni vizuri kwenye uwanja wa mazoezi kabla ya kwenda shimo la kwanza.