Asilimia 112 na Watoro Wake

(Mhadhara kwa waratibu wa chanjo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Kigoma)

Ndugu zangu, wanaocheka huko nyuma wameshajua naanzia wapi. Naanzia palepale: hesabu za shule ya msingi, sehemu. Juu kiasi, chini asili. Sisi watu wa afya tunahangaikia kiasi mwaka mzima. Asili tunaletewa tayari, na hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Tuchukue zahanati ya mfano, mwambao wa kusini, Uvinza. Imepangiwa watoto 140 wa chini ya mwaka mmoja: hiyo ndiyo asili, makadirio ya kutoka sensa. Mwaka unaisha, waliopata dozi ya tatu ya Penta, ile chanjo ya magonjwa matano, ni 157. Gawanya: asilimia 112. Kikaoni makofi! Haya, nionyesheni hao 17 ambao hawapo lakini wamechomwa sindano.

Najua jibu: "Ni wa mwaloni, wamekuja na wavuvi wa dagaa." Sawa, inawezekana. Wengine wametoka kijiji cha jirani ambako friji ya chanjo imekufa. Lakini huko walikotoka bado wamo kwenye asili ya mwenzako. Yeye asilimia yake imeporomoka, anagombezwa bure, na wewe unapewa cheti. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,127,930 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 2,470,967. Ongezeko hilo halikugawanywa kwa kibaba, kila kitongoji na fungu lake. Makadirio yanagawa hivyo, watu hawaishi hivyo.

Basi iacheni asili kidogo. Rejista ileile, tazameni Penta ya kwanza, ya wiki 6: watoto 198. Ya tatu, ya wiki 14: 157. Watoto 41 waliingia mlangoni na hawakumaliza. 41 kwa 198 ni karibu asilimia 21, na ukivuka asilimia 10 tayari una tatizo. Zahanati iliyopigiwa makofi inapoteza mtoto mmoja kati ya watano! Na hesabu hii haikuhitaji sensa.

"Labda wamemalizia kwingine." Labda. Ndiyo maana mhudumu anaondoka na majina 41 mkononi, anabisha hodi, anaomba kadi. Kadi, siyo maneno. Mama akiulizwa kwa mdomo atasema mtoto kamaliza, na hana nia ya kudanganya: sindano za Penta zinafanana, nani anakumbuka ilikuwa ya ngapi?

Mkifanya utafiti wa kaya, nyumba iliyofungwa msiiruke mkachukua ya jirani. Rudini jioni, rudini kesho. Aliyefunga yuko shambani au mwaloni anaanika dagaa, na huyo ndiye asiyefika kliniki. Ukimbadilisha na jirani aliyekaa kibarazani, umepima afya ya wanaokaa kibarazani. Kwenye mialo pangeni siku za mbalamwezi, wakati uvuvi wa taa umesimama. Na ile mbinu ya makundi 30 ya watoto saba saba, jumla 210, ina kosa la hadi pointi 10 za asilimia, juu au chini. Msiikatekate kupata asilimia ya kila kata. Kata moja itaangukiwa na watoto saba tu.

Naona karatasi ya muda imeinuliwa. Umbali wa kufika zahanati, basi, kwa haraka: kilomita tano kwenye ramani ni mstari ulionyooka, na mjamzito hapai. Ulizeni dakika, kwa miguu au mtumbwi, masika na kiangazi, tena usiku. Dawa na gharama sitazigusa leo.

Sasa fungueni rejista mlizokuja nazo, miezi mitatu ya mwisho. Hesabuni Penta ya tatu mstari kwa mstari, kisha mlinganishe na ripoti mliyotuma. Ripoti ikiwa 52 na rejista 41, usifute kitu, usiongeze jina. Andika zote mbili, uzilete hapa mbele.