Chakula cha safari kinaharibikia jikoni, sio barabarani

Haya kina mama, na kina baba naona mmekuja pia, karibuni sana. Likizo ya Desemba hiyo inakuja na najua humu ndani kuna wanaoenda Bukoba kwa wazazi, kuna wa Musoma, na kuna wa Dar, hao wa Dar ndo hasa nawataka maana Mwanza mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 na mtoto haelewi habari ya kusubiri hoteli ya mbele, akisikia njaa ni sasa hivi.

Nina jambo moja tu leo. Chakula cha safari hakiharibikii Singida jamani, kinaharibikia jikoni kwako, ile saa kumi alfajiri unapotoa sambusa kwenye karai bado zinachuruzika mafuta unazimwaga kwenye kontena unafunika chapchap kwa sababu baba watoto keshawasha gari anapiga honi. Ule mvuke unaenda wapi? Hauendi popote, unagonga mfuniko unageuka maji unazidondokea sambusa, manda inalegea, na lile vuguvugu ndo bakteria wanalolitaka. Wanazaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60, na Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje bila friji zaidi ya saa 2. Piga hesabu sasa, kwa saa mbili hata Shinyanga mjini pengine hujafika!

Kwa hiyo tandaza. Chukua ungo, weka karatasi, panga sambusa zisilaliane, ziache zipoe kabisa ndo ufunge. Na ile nyama ya ndani ikaange mpaka ikauke kau, kitunguu kiive na nyama, usikirushe kibichi mwishoni maana kinatoa maji na sambusa inachacha mapema. Sambusa za nyama na mayai ya kuchemsha vinaliwa mwanzo, zile saa za kwanza, kikibaki usikionee huruma tupa. Pilau kwenye hotpot mimi nasema hapana, najua nitawaudhi, lakini hotpot ikishapoa ikawa vuguvugu inawalea wadudu tu, na kuna bakteria wa wali anastahimili kuchemshwa na sumu yake haiondoki hata ukipasha tena.

Sasa tukija kwenye vinavyodumu, Wasukuma wetu walishalimaliza hili zamani sana. Matobolwa! Kiazi kitamu kinachemshwa, kinamenywa, kinakatwa vipande, kinaanikwa juani mpaka kinakuwa kigumu kina rangi ya kahawia na utamu wote umebaki ndani, mtoto anakitafuna taratibu kinamchukua muda na hachafui siti. Michembe ni tofauti, ile inakatwa mibichi ndo inaanikwa, inataka kupikwa kwanza, msije mkabeba hiyo. Siri ya matobolwa ni kwamba maji hayapo na bakteria bila maji hafanyi kitu, na ndo hivyo hivyo kwa visheti, kashata, dagaa waliokaangwa wakakauka. Maandazi ya tui la nazi ni matamu sana ila yanawahi kuchacha, ya safari kanda kwa maji tu. Vitumbua kuleni nyumbani kabla ya kuondoka.

Karanga, hapa nisikilizeni vizuri. Mtoto wa chini ya miaka 5 usimpe karanga nzima, na kwenye gari ndo kabisa, gari likiruka tuta inaingia njia ya hewa na wewe uko mbele huoni.

Kufungasha: gazeti hapana, wino unaingia kwenye mafuta. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, tumieni bahasha za kaki au kontena, na kila mtoto fungu lake ili wasichovye mikono yote kwenye bakuli moja. Beba kidumu cha maji na sabuni, maana mikono imeshika pesa, imeshika tairi.

Wa Bukoba nyie mmepata nafuu, zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa inamaliza chakula chote kabla hata hamjavuka, sasa daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 mnapita dakika chache, kwa hiyo msifungue kontena mpaka Geita.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu friza. Ndio, gandisha maji ya kunywa kwenye chupa usiku, asubuhi zipange kwenye kibebeo kinachotunza baridi, mayai katikati, kaa nacho miguuni sio kwenye buti linalopigwa jua, barafu ikiyeyuka mnakunywa. Mwingine? Mama mwenye kitenge cha kijani, nakusikiliza.