Jiwe la mpaka lilikuwa wapi? Mazungumzo na wanafunzi wa sheria, Nyegezi

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie wadogo zangu habari za mchana. Nimeombwa niongee kuhusu kazi ya wakili wa kesi za ardhi na ujenzi na nimekubali kwa moyo mmoja, maana ndo kazi iliyonilea na nimeifanya hapa hapa Mwanza, sijahamia Dar na sina mpango wa kuhamia.

Nianze na jiwe.

Kuna mama mmoja, jina simtaji, alinunua eneo kule mlimani mwaka 1996. Karatasi ya mauziano iliandikwa kwa mkono pale kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne, mhuri upo. Mipaka ikaandikwa hivi: kusini njia ya watu, kaskazini mwembe, magharibi kwa jirani fulani, mashariki jiwe kubwa. Basi, imeisha hiyo. Nyie mnaokaa Mabatini, Igogo, Bugando kule juu mnajua mipaka yetu iko hivyo, bikoni hakuna, mpima ardhi hajawahi kupanda huko, ila kila mtu anajua jiwe la fulani liko wapi.

Sasa mwaka 2014 mama ananijia ofisini, jirani kaongeza chumba na ukuta umeingia kwake. Nikamuuliza, mama yangu jiwe liko wapi? Akaniambia jiwe hakuna. Hakuna kivipi? Akasema, limekuwa kokoto.

Lilipondwa bwana. Vijana walilikokea moto wa magogo na matairi likawa linapasuka, afu nyundo, wakauza kokoto ndoo kwa ndoo miaka na miaka, watu wakajengea nyumba zao, na wakati huo hakuna aliyewaza kwamba wanaponda mpaka wa mtu. Hata mama mwenyewe alinunua ndoo kadhaa pale.

Hapo wengi wenu mngefungua kompyuta mwanze kuandika maombi ya kupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi nilichukua jembe. Kweli kabisa, Jumapili baada ya ibada nikapanda mlima na mama, mpima mmoja rafiki yangu na kijana wa kuchimba, tukaanza kutafuta lilipokuwa jiwe, maana mawe ya Mwanza hayajawekwa juu ya ardhi kama chungu juu ya mafiga, yameota, ukiponda la juu la chini linabaki. Tukachimba sehemu ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna, ya tatu kina cha shubiri mbili hivi jembe likalia. Tukafagia. Tukakuta uso wa mwamba umepasuka pasuka na una masizi meusi ya moto. Afu tukamtafuta mzee aliyekuwa anaponda pale, tukampata anaishi mtaa wa pili, akaja akasimama akasema turubai langu la kivuli lilikuwa hapa, na nyundo naipigia hapa.

Kesi ilienda karibu miaka miwili. Upande wa pili walikuwa na wakili mzuri sana na karatasi safi kuliko zetu, lakini tuliomba baraza litembelee eneo, mwenyekiti akakubali, akapanda na wazee wa baraza, na mmoja wa wale wazee akainama akapitisha kidole kwenye masizi akakiangalia. Hakusema kitu. Uamuzi ukaja kwamba mpaka uko pale penye shina la jiwe na ukuta uvunjwe. Cha ajabu mama mwenyewe akakataa usivunjwe, akasema kile chumba wanalala watoto, jirani alipe tu thamani ya ardhi yangu, wakaelewana wakaja wakasaini ofisini kwangu na jirani akalipa kwa awamu tatu. Mpaka leo wanaazimana chumvi.

Nimesimulia kirefu kwa sababu wadogo zangu hii ndo kazi yenyewe. Mnafundishwa Sheria ya Ardhi ya 1999, Sura ya 113, mnafundishwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, mnafundishwa ukomo wa muda kwamba kudai ardhi ni miaka 12 na mkataba ni miaka 6, na vyote hivyo lazima uwe navyo kichwani, siwadanganyi. Lakini kesi nyingi nilizoziona zikitupwa, watu hawakukosa haki, wakili hakwenda kuliona eneo. Ukienda Mahakama Kuu, kanuni za mwenendo wa madai zinataka hati ya madai ieleze eneo kiasi cha kulitambua, sasa wewe umekaa mjini unaandika "kiwanja kilichopo Buhongwa" halafu unashangaa unapigwa pingamizi la awali. Buhongwa ipi? Na toka 2021 mabaraza ya kata hayaamui tena kesi, yanasuluhisha tu, yakishindwa ndani ya siku 30 ndo unaenda wilayani, kwa hiyo mteja anakuja kwako wazee wa kata wameshakaa naye, nenda kawasikilize, wanajua historia ya eneo kuliko faili lolote. Na kama unayemdai ni halmashauri au serikali ya kijiji usisahau notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuunganishwa kwenye kesi, hiyo imeua kesi nyingi nzuri toka sheria ilivyobadilishwa 2020.

Njia ya kufika hapa mnaijua, sitaikalia sana. Digrii, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ya Dar iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, watu wanarudia mitihani pale msikate tamaa, kisha unaapishwa na Jaji Mkuu, unakuwa mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika, kila mwaka unahuisha leseni. Miaka ya mwanzo hela ni ya mawazo. Nawaambia ukweli ili usije ukalia.

Mimi nilivutwa na kesi moja niliyoisoma nikiwa kwenye benchi kama nyie, Ephraim dhidi ya Pastory, iliamuliwa hapa hapa Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990 na Jaji Mwalusanya. Mwanamke wa Kihaya karithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza shilingi 300,000, ndugu yake wa ukoo akaenda mahakamani kusema kwa mila mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji akasema haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba 1984, ubaguzi umekatazwa, kwa hiyo mwanamke na mwanaume wana haki sawa kuuza. Ardhi iko Kagera, lakini neno lilitoka mjini kwetu. Nilivyosoma nikafikiria shangazi zangu wote. Hadi leo akija mwanamke na kesi ya shamba nasikia kama ile hukumu imesimama nyuma ya mgongo wangu.

Sasa ujenzi, na hapa nitaongea kitu kinachoniuma.

Nilikuwa na mteja, mkandarasi mdogo, kijana mchapakazi, kapewa kazi na mkandarasi mkubwa achimbe msingi wa ghorofa. Bei ilipangwa kwa kuchimba udongo. Mita ya pili wakakutana na mwamba, si ndo Mwanza. Injinia wa saiti akamwambia kwa mdomo endelea tu utalipwa ya ziada, kijana akakodi mashine ya kutoboa mwamba wiki sita. Wiki ya pili alinipigia simu kuniuliza wakili nifanyeje, na mimi nikamjibu maliza kwanza kazi tutaandika baadaye, tusiharibu uhusiano. Mkataba ule ulikuwa umenakili masharti ya kitabu chekundu cha FIDIC cha 1999, yaani mkataba wa mfano wa ujenzi wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kifungu cha 20.1, kwamba mwenye dai la ziada atoe notisi ndani ya siku 28 toka ajue tatizo, asipotoa dai limekufa. Barua yetu ilienda mwezi wa tatu toka mwamba uonekane. Msuluhishi aliyekuwa anaamua dai letu alikuwa muungwana, alisikiliza yote, aliona hadi picha za mwamba, na akatukatalia. Kosa lilikuwa langu, la mteja halikuwepo. Aliuza lori lake kulipa mashine. Sikumdai ada, na hadi leo naona haikutosha.

Toka siku ile nilianza kukaa na mafundi na wakadiriaji majenzi, nikajifunza nondo inafungwaje, kwanini zege linamwagiliwa maji, kwanini ukuta wa kuzuia udongo bila matundu ya kutolea maji unalala masika ya kwanza. Zege linapimwa nguvu siku ya 28, na notisi ile inakufa siku ya 28, ukisahau moja ikumbuke kwa nyingine. Jamani, mteja wa ujenzi akikupigia simu, andika barua jioni hiyo hiyo. Kama ameambiwa kwa mdomo, andika "kama ulivyoniambia leo saa nne asubuhi" uitume, asubuhi yake uhusiano utakuwepo tu.

Na mtu akija anataka kiwanja cha ufukweni, Capri Point, Luchelele, popote, kabla ya kuangalia ofa au hati uliza maji yako umbali gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Watu walikuwa wananiona namzuia tu mteja asile raha, mpaka 2020 ziwa likapanda likapita hata rekodi ya 1964, likaingia kwenye seble za watu. Pima kwa miguu yako mwenyewe, usiamini dalali anayesimama amegeuzia maji mgongo.

Muda umeisha mwenyeji wangu ananionyesha saa. Jumamosi hii saa moja asubuhi napanda Igogo na mpima kuangalia mpaka wa mteja, kuna nafasi ya watu wanne. Mtakaokuja vaeni raba, mbebe maji, na mmoja wenu aje na jembe.